Robo saa, ubao mmoja na kopo la maji



Mara nyingi katika ukurasa huu tunasema juu ya kofia, viatu, vumbi na malaria. Leo tutasema juu ya saa ambazo hamko kazini. Saa hizo nazo zaweza kumharibu mtu, au zaweza kumjenga.

Siku moja alikuja katika dispansere yetu ndugu mmoja, dereva wa gari kubwa la mgodi. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda. Alikaa juu ya benchi mpaka wagonjwa wote walipokwisha, kisha akaniambia:

— Munganga, sikuletwa na ugonjwa. Nimeletwa na mchana.

Nilimwuliza mchana umemfanya nini. Akanieleza. Juma lile alikuwa posti ya usiku. Asubuhi anarudi, anaoga, analala. Saa nane ya mchana anaamka. Kuingia kazini ni saa nne ya usiku. Hapo katikati kuna masaa manane. Watoto wamerudi kutoka masomo, nyumba ni vyumba viwili, bibi yake yuko juu ya mbabula, redio ya jirani inalia. Yeye anakasirika bila sababu, anagombeza watoto, kisha anatoka. Anapotoka, miguu inajua njia moja tu: kwenye baa.

— Nakunywa moja tu, akasema. Siku nyingine mbili.

Nilimweleza hesabu ambayo kila dereva na kila mtu wa mashini anapaswa kuijua. Chupa kubwa moja ya bia, karibu sentilita 70, mwili huhitaji masaa matatu au manne kuimaliza. Chupa mbili ni mara mbili ya hayo. Kahawa haiharakishi, maji baridi hayaharakishi, kulala kidogo hakuharakishi. Mtu aliyekunywa chupa mbili saa moja ya jioni, saa nne ya usiku anapanda gari na pombe ikiwa bado katika damu yake, hata kama anatembea vizuri na anasalimia watu vizuri. Kando ya gari lile wanapita wenzake kwa miguu.

Alinyamaza. Kisha akaniuliza neno ambalo lilinishinda kulijibu upesi:

— Sawa, Munganga. Nikiacha kwenda kule, nitafanya nini? Nyumba ni ndogo. Bustani sina. Mupira magoti yamekataa.

Basi nilifungua kabati, nikamwonyesha kitu changu mwenyewe: kisanduku kidogo cha rangi za maji, burashi moja, na ubao. Alicheka sana. Akasema:

— Hiyo si ni kazi ya watoto?

Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa wengine wanaouliza swali lake.

RANGI ZA MAJI NI NINI?

Sisemi juu ya chokaa ya ukutani. Nasema juu ya ile rangi ambayo kwa Kifaransa inaitwa aquarelle. Ni unga wa rangi uliosagwa laini sana na kushikishwa kwa gundi ya mti wa jamii ya akasia. Inauzwa katika vitufe vikavu ndani ya kisanduku, au katika vitubu vidogo. Ukiigusa kwa burashi yenye maji, inayeyuka. Ukiipaka juu ya karatasi, maji yanaondoka na rangi inabaki.

Kwa nini inafaa nyumba zetu? Kwanza, haina harufu. Rangi ya mafuta inahitaji tapentini, na mvuke wake katika chumba wanamolala watoto ni mbaya kwa kifua na kichwa. Hii inahitaji maji tu. Pili, inakauka upesi, na kisha unaweza kuiweka karatasi ndani ya kitabu au chini ya godoro. Tatu, na hii ni kubwa kwa mtu wa posti, inangoja. Ukiacha kisanduku miezi mitatu, rangi imekauka kama jiwe. Tia tone la maji, inaamka. Haimlaumu mtu kwamba alikuwa kazini.

Tena kuna jambo moja ambalo sisi watu wa mgodi tunapaswa kulijua. Buluu moja nzuri sana ya visanduku hivyo inatengenezwa kwa kobalti. Mfaransa Thénard aliipata mwaka 1802 alipochoma kobalti pamoja na alumina katika moto mkali. Ni kobalti ya jamii ile ile tunayoichimba hapa. Inatoka ardhini mwetu nyeusi, inazunguka dunia, na siku moja inarudi katika kambi ikiwa mbingu ndani ya kisanduku cha mtoto.

SI KITU CHA WAGENI

Wengine watasema: hayo ni mambo ya Wazungu wenye nyumba kubwa. Hapana. Mwaka 1926, katika Bukama, pale reli inapokutana na mto Lualaba, kulikuwa na fundi mmoja wa kuchonga pembe za ndovu, jina lake Albert Lubaki. Wakati ule watu walikuwa wakichora picha juu ya kuta za nyumba zao za udongo. Mbelgiji mmoja wa serikali ya ukoloni, Georges Thiry, alizipenda picha zile, na kwa kuwa ukuta wa udongo haudumu mbele ya mvua, alimpa Lubaki karatasi na rangi za maji. Lubaki alichora watu, wanyama na miti. Bibi yake, Antoinette Lubaki, naye alichora. Katika Kasai, fundi wa kushona nguo aliyeitwa Djilatendo alifanya kazi kama hiyo.

Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels. Mwaka 2015, karibu miaka 90 baada ya siku zile za Bukama, picha za Albert na za Antoinette zilitundikwa Paris, watu wakapanga mstari kuzitazama. Karatasi imeishi kuliko ukuta.

Tazameni picha zile mahali zilipochapwa. Mara nyingi karatasi imebaki nyeupe, na katikati mnyama mmoja au watu wachache, wa rangi moja au mbili. Hakuna mapambo mengi. Mchongaji na mshonaji walijua kazi ya mikono. Walitumia kidogo walichopewa. Sisi tunaofunga bolti na kushona vidonda, tunayo mikono pia.

NAFASI: SENTIMETA 30 KWA 40

Hamhitaji chumba. Mnahitaji ubao mmoja wa sentimeta 30 kwa 40, uliolainishwa kwa msasa ili usichome vidole. Ubao huo unakaa juu ya magoti, au upande mmoja juu ya magoti na upande wa pili juu ya kiti. Ukimaliza, unasimama nyuma ya mlango na hauli nafasi ya mtu.

Juu ya ubao wekeni karatasi nene. Karatasi ya kaye ya masomo hujikunja kama jani likishika maji. Tafuteni ile ya gramu 200 au, afadhali, 300. Ni ghali kidogo, lakini msikilizeni fundi: karatasi kubwa ya sentimeta 50 kwa 65, ikikunjwa mara tatu na kukatwa, inatoa vipande vinane vya kadiri ya sentimeta 16 kwa 25. Kipande kimoja ni kazi ya siku mbili au tatu. Kisha kuna mgongo wake. Karatasi moja inaweza kumfikisha mtu mwisho wa mwezi. Bandikeni kingo nne kwa utepe wa karatasi, ili kipande kikae sawasawa.

Rangi tatu zinatosha: nyekundu, manjano, buluu. Manjano na buluu ni kijani ya majani. Nyekundu na manjano ni udongo wetu wa barabarani baada ya mvua. Zote tatu pamoja ni kijivu cha moshi. Nyeupe msinunue. Nyeupe ni karatasi yenyewe mliyoiacha bila kuipaka. Burashi moja ya mviringo, namba 6 au 8, yenye ncha nzuri, ni bora kuliko tano mbaya. Kwa kuchanganyia, sahani ya zamani ya emaye ambayo haitarudi tena mezani. Kitambaa cha zamani cha kukaushia. Na makopo mawili ya maji, moja la kuoshea burashi, moja la maji safi. Juu ya makopo hayo tutarudi, sababu mimi mwenyewe nilikosa.

WAKATI: ROBO SAA

Watu wengi wanangoja siku ya mapumziko ili wapate mchana mzima. Siku hiyo inafika na kilio, au mgeni, au bomba limepasuka. Afadhali robo saa mara nne kwa juma kuliko mchana mzima ambao haufiki.

Robo saa hiyo iwekwe wapi? Kwa mtu wa posti ya asubuhi, baada ya kuoga na kula, kabla ya giza. Kwa mtu wa posti ya mchana, asubuhi wakati watoto wako masomoni. Kwa mtu wa posti ya usiku, baada ya kuamka. Musiwahi kuiba usingizi kwa ajili ya rangi. Mtu anayetoka usiku, kazi yake ya kwanza ni kulala, katika chumba chenye giza. Mwanga mkali wa asubuhi unauambia mwili ya kwamba siku imeanza, na usingizi unakimbia. Aliyelala kidogo ni hatari katika mashini sawa na aliyekunywa.

Kwa mama wa nyumba, rangi za maji zina adabu moja nzuri: zinataka kungojea. Paka mbingu, nenda ukageuze bukari, rudi, mbingu imekauka. Ni kazi ambayo kusimama kwake si kupoteza wakati.

Hapa kuna mazoezi manne ya kuanzia, moja kwa kila robo saa.

La kwanza: chora vyumba vitano kwa kalamu ya risasi, kama vyumba vya treni. Jaza cha kwanza kwa buluu nzito. Ongeza maji, jaza cha pili. Endelea mpaka cha tano kiwe karibu na nyeupe. Hapo umejifunza ya kwamba katika kazi hii maji ndiyo mkubwa, rangi ni msaidizi.

La pili: mbingu. Inua ubao kidogo upande wa juu, kwa kuweka kipande cha mti chini yake. Jaza burashi, vuta mstari mmoja kutoka kushoto mpaka kulia. Tone litakusanyika chini ya mstari. Chukua tone hilo kwa mstari wa pili, kisha wa tatu, mpaka chini. Msirudi juu kutengeneza. Anayerudi juu ya rangi isiyokauka anaacha doa, na doa halitoki.

La tatu: kitu kimoja. Embe, kopo la chai, kiatu cha kazi. Paka kwanza rangi nyepesi mahali pote, isipokuwa pale mwanga unapong'aa. Acha ikauke kabisa. Katika kiangazi, mwezi wa 7, inakauka wakati unafunga kamba za viatu. Katika mvua, mwezi wa 1, itataka muda mrefu. Kisha weka kivuli kizito juu yake. Daima nyepesi mbele, nzito nyuma. Nzito haiwezi kufutwa.

La nne: rangi mbili zinazokutana. Lowesha karatasi kwa maji safi, weka manjano chini na buluu juu, kisha uziache zitembee zenyewe. Zuia mkono wako. Mtu aliyezoea kulazimisha bolti ataona taabu hapa, lakini taabu hiyo ndiyo mapumziko yenyewe.

Mkimaliza, tazameni mbali, kwenye mti au paa la mwisho wa barabara, ili macho yapumzike. Keti umeegemea mgongo, mkono ulegee. Na ninyi mliopita miaka 40: kama ncha ya burashi haionekani wazi karibu, au mnalazimika kuisukuma karatasi mbali ndipo muione, huo si uchawi wala si rangi. Ni macho ya umri wenu. Njoni tuyapime, miwani itatosha.

USALAMA MEZANI

Sasa nitaeleza kosa langu.

Mwanzoni sikuwa na makopo ya rangi. Nilichukua kikombe cha emaye cha nyumbani, kile cha chai. Jioni moja nilimaliza, nikaweka kikombe juu ya dirisha, nikaenda kumsalimia jirani kwenye barza. Niliporudi, binti yangu wa miaka mitatu alikuwa amekishika kwa mikono miwili na midomo yake ilikuwa ya kijani. Aliona kikombe cha chai, akanywa chai.

Mimi ni mtu wa dispansere. Kila mwezi nawaambia mafundi wasitie asidi wala petroli katika chupa ya limonadi. Na hapa nyumbani kwangu nimetia rangi katika kikombe cha mtoto. Nilimsukutua kinywa, nikachukua kisanduku cha rangi, nikamkimbiza lopitali katika mvua. Alikuwa amemeza kidogo, na rangi zile zilikuwa za wanafunzi, zisizo na sumu kali. Alilala vizuri. Mimi sikulala. Bibi yangu hakunigombeza. Asubuhi nilikuta amekipiga kikombe kile msumari, matundu matatu chini, na amepanda vitunguu ndani yake. Kiko mpaka leo kando ya mlango, nami nakiona kila nikitoka.

Tangu siku ile nina sheria hizi, nami nawaomba mzichukue.

1. Maji ya rangi yasikae kamwe katika kikombe, bilauri au chupa ya kunywea. Tumieni kopo la bati la maziwa au la nyanya, mlilogongagonga ukingo wake, na mlipake alama nyekundu. Alama nyekundu katika nyumba yote iwe na maana moja: hii hainywewi.

2. Maji hayo yamwagwe mara moja baada ya kazi, mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga. Yasilale.

3. Mtoto akinywa rangi, mumsukutue kinywa. Msimtapishe kwa nguvu. Msimpe mafuta ya ngazi wala dawa ya kienyeji. Mafuta yanaweza kuingia katika mapafu na kuleta ugonjwa mbaya kuliko rangi. Mleteni dispansere pamoja na kisanduku au kitubu chenyewe, ili tusome kilichoandikwa.

4. Kabla ya kununua, someni karatasi ya kitubu. Rangi nyingine za mafundi wakubwa zina kadmiumu au kobalti, na za zamani zilikuwa hata na risasi. Katika nyumba yenye watoto, nunueni zile za wanafunzi zilizoandikwa kuwa hazina sumu.

5. Msichongoe burashi kwa midomo. Neno hili wengi wanalidharau, basi sikilizeni habari ya kweli. Katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani, kuanzia mwaka 1917, wasichana waliajiriwa kupaka namba za saa za mkono ili ziwake gizani. Rangi yao ilikuwa unga uliochanganywa na maji na gundi, na ndani yake mlikuwa na radiumu. Walifundishwa kuichongoa burashi kwa midomo, maana namba zilikuwa ndogo na kazi ilihesabiwa. Baada ya miaka meno yao yaling'oka, mifupa ya taya ikaoza, na wengine wakafa wakiwa wangali vijana. Mwaka 1927 watano wao waliishtaki kampuni yao, na mwaka 1928 walipewa fidia wakiwa tayari wagonjwa sana. Radiumu inapatikana katika mawe yenye uraniumu, kama yale yaliyochimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Visanduku vyenu havina radiumu. Lakini desturi ya mdomo ni ile ile, na mkono uliozoea haulizi kwanza ndani ya rangi mna nini. Chongoeni burashi kwa kitambaa.

6. Msisage mawe kutengeneza rangi. Najua vijana wameona malakiti, lile jiwe la kijani, na wamesikia ya kwamba watu wa Misri ya zamani walilisaga wakapata rangi. Ni kweli walilisaga. Lakini malakiti ni shaba, na vumbi lake likivutwa au kumezwa linadhuru. Mawe mengine ya kwetu yana kobalti, mengine yana uraniumu, na kwa macho hamwezi kuyatenganisha. Tena jiwe mara nyingi linashikamana na mchanga mgumu, na vumbi la mchanga huo ndilo linalokausha mapafu ya watu wa mgodi. Kazini tunatoboa mwamba kwa maji ili vumbi lisiruke. Itakuwa ajabu gani, baba ajilinde kule chini, na mtoto asage jiwe kavu jikoni?

7. Msipake rangi huku mkila, na mnawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa bukari. Wembe wa kukatia karatasi urudi mahali pake pa juu kabla ubao haujarudi nyuma ya mlango.

8. Umeme ukikatika, acheni. Kibatari karibu na karatasi na kitambaa ni moto unaosubiri. Tena mwanga wake ni wa manjano, unadanganya rangi. Kesho mtaona mti wenu ni buluu.

Mtaona ya kwamba sheria hizi si ngeni. Kila kitu mahali pake, kila chombo na alama yake, hakuna kitu cha sumu katika chombo cha chakula, kusafisha kabla ya kuondoka. Ni zile zile za atelie. Mtu anayeziacha kwenye mlango wa kazi amezijua nusu tu.

NA YULE DEREVA?

Alirudi baada ya majuma mawili. Alikuwa amechukua kisanduku cha kijana wake wa darasa la nne, na kijana, alipoona baba anahangaika na mbingu, alikaa kando yake kumfundisha. Mama alipata utulivu nusu saa, jambo ambalo hakulitazamia. Dereva aliniambia:

— Munganga, siku ya tatu, saa ile ya kutoka ilifika. Rafiki yangu alinipigia mluzi barabarani. Lakini nilikuwa katikati ya mbingu, karatasi imelowa, na wewe ulisema mbingu haingoji. Nilimwambia apite, nitamkuta. Nilipomaliza mbingu, nikaona paa linataka kivuli. Kivuli kilipokwisha, saa ya kuoga kwenda kazini ilikuwa imefika.

Sitaki kuwadanganya, ndugu zangu. Rangi si dawa. Siku nyingine bado alikwenda, na yeye mwenyewe alinieleza bila kuficha. Mtu ambaye mkono wake unatetemeka asubuhi akikosa pombe, au ambaye usingizi umemkataa kwa majuma, au ambaye moyo wake ni mzito mpaka hataki kuona watu, asingoje burashi imponye. Aje tumsaidie, na habari yake itabaki kwetu. Lakini dereva yule hakuwa mgonjwa. Alikuwa na masaa manane matupu, na kitu kitupu hujazwa na chochote kinachopita.

Alipokuja mara ya mwisho alileta karatasi kumi na moja, zimefungwa kwa kamba. Kuku. Mbabula. Embe. Gurudumu la gari lake, ambalo kwa kipimo ni refu kuliko mtu, na chini yake amechora watu wawili wadogo wanaopita. Nilimwuliza kwa nini amewaweka pale. Alisema:

— Ili nikumbuke wako pale.

Nyuma ya kila karatasi ameandika tarehe na saa, kama katika kaye yake ya gari: ameanza saa fulani, amemaliza saa fulani. Nilihesabu. Hakuna iliyopita nusu saa. Na safari zote kumi na moja, mahali pa kuondoka na mahali pa kufika, ameandika neno moja: nyumbani.

Basi, atakayetaka kuanza na hana ubao, seremala wa kambi anavyo vipande vya kutupwa. Mwombeni kwa heshima. Atakayetaka kuona namna ya kuvuta mbingu bila kuacha doa, apite dispansere wakati hakuna wagonjwa. Alete karatasi yake na kopo lake la alama nyekundu.